Ampli ya lampu iliyonguruma na kupoteza sauti: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lubumbashi

Ampli yenyewe

Ampli ya gita ya wati 50, mali ya kanisa moja la Lubumbashi, ililetwa karakana ikiwa na malalamiko matatu: inanguruma, inakwaruza, na sauti yake inashuka katikati ya ibada. Chapa, mtaa na majina ya wahusika nimeyaondoa. Mengine yote nayaeleza kwa mfuatano wake, maana pesa nyingi za wanamuziki wetu zinapotea kwa njia hii hii.

Ndani yake mna lampu tatu ndogo za aina ya ECC83 (lampu hapa si za mwanga, ni zile za kioo zinazokuza ishara). Mbili zinakuza ishara ya gita, ya tatu inaigawa mara mbili kwa ajili ya lampu mbili kubwa za EL34 zinazosukuma transfoma ya spika. Nyuma kuna matundu mawili ya efekti (vifaa vya kubadilisha sauti ya gita), moja la kutoa ishara na jingine la kuirudisha. Ilikuwa imetumika Ulaya kabla ya kufika huku, na kwa miaka ilihudumia ibada za Jumapili na mazoezi ya kwaya bila kusumbua.

Katanga, eneo letu la Lubumbashi, ni nchi ya gita. Mpiga gita Mwenda wa Bayeke alirekodiwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, na mpaka sasa watu wa huku wanasikiliza kidole kwa kidole. Ampli ikianza kumeza noti, waumini wa benchi la mwisho wanajua kabla hata mpiga gita hajageuka kuitazama.

Yaliyofanyika kabla haijaletwa

Fundi wa kwanza aliisikiliza na kusema lampu zimechoka. Kanisa likachanga, EL34 mbili mpya zikaagizwa kutoka nje, zikafungwa. Ngurumo ilipungua kidogo mwanzoni, halafu ikarudi. Baada ya muda moja ya lampu mpya ilionekana ikiiva ndani, bamba lake la chuma likawa jekundu kama mkaa. Sauti iliendelea kushuka vilevile.

Mtu wa pili alishauri kubadilisha kapasita zote kubwa, yaani vile vipande vinavyohifadhi umeme na kuuchuja, kwa hoja kwamba ngurumo siku zote ni kapasita. Ushauri huo haukutekelezwa, kwa kukosa pesa.

Jambo la tatu hakuna aliyelihesabu kama ugonjwa. Plagi ya ampli ilikuwa ya awali yenye waya wa ardhi, lakini haikuingia vizuri kwenye prize (matundu ya umeme ya ukutani) za kanisa, kwa hiyo mtu aliikata na kufunga plagi ya meno mawili tu. Tangu hapo mpiga gita alizoea kuimba akiwa ameweka mdomo mbali na mikrofoni, kwa sababu ilikuwa inamng'ata midomo.

Mzee wa kwaya alipoileta alisema neno moja: "Fundi, pesa ya lampu imekwisha kuliwa. Utuambie kwanza ukweli, halafu ndipo tutatoa nyingine." Neno hilo ndilo lililopanga kazi. Tulikubaliana kwamba vipimo visivyo na gharama vitatangulia vyote, na hakitanunuliwa kitu mpaka kipimo kimeonyesha kwa nini kinanunuliwa.

Uamuzi wa kwanza: malalamiko matatu, magonjwa matatu

Mpaka hapo kila aliyeigusa ampli alikuwa akitafuta sababu moja ya yote. Sisi tuliamua kuchukua kila lalamiko peke yake mpaka vipimo vituambie kwamba yanahusiana.

Umeme wa mjini ulikuwa mshukiwa wa kwanza wa sauti kushuka, na ulistahili kupimwa. Jioni, saa ambazo kila nyumba imewasha jiko la umeme, volti za pale kanisani zilishuka hadi karibu 180. Ampli iliyotengenezwa kwa volti 220 ikipewa 180, volti 6.3 za kupasha moto lampu zinakuwa kama 5.1, chini ya kiwango kinachokubalika cha asilimia 10 pungufu. Volti kubwa ya ndani, iliyokuwa takriban 450, inashuka hadi karibu 370. Nguvu ya sauti inafuata mraba wa volti, kwa hiyo wati 50 zinabaki kama 33.

Inaonekana hasara kubwa, lakini kwa sikio haifiki hata desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nguvu ikipungua nusu nzima, unapoteza desibeli 3 tu, na mtu wa kawaida anahitaji kushuka kama desibeli 10 ndipo aseme sauti imekuwa nusu. Mpiga gita huyu alisema sauti inabaki "kama redio ya jirani". Umeme mdogo hauwezi kufanya hivyo, na hata EL34 moja ikifa kabisa haiwezi. Kitu kilichokuwa kinakula sauti kiasi hicho kilikuwa kwenye njia ya ishara ndogo, kabla ya lampu kubwa. Hesabu hii haikuhitaji hata bisibisi, na ingeyatia mashakani yale mawazo ya kununua EL34.

Kabla ya kufungua

Volti 450 zinaua, na kapasita kubwa zinaweza kuzishika muda mrefu baada ya plagi kutolewa. Hapa utaratibu hauna mjadala: plagi nje, kapasita zinamwagwa kupitia rezista (kipande kinachopunguza mkondo) ya kiloomu 10 ya wati 5 yenye waya uliofunikwa vizuri, kisha mita inathibitisha kwamba zimebaki chini ya volti 10. Kuna vijana wanaozimwaga kwa bisibisi ili kuona cheche. Cheche hiyo inaharibu kapasita na inaweza kumpofusha mtu. Nawaomba waache. Ampli ikiwa imewashwa, mkono mmoja unapima na mwingine unabaki nyuma ya mgongo, na haiwashwi kamwe lampu kubwa zikiwa ndani bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma ya spika inaweza kuungua.

Mara ya kwanza iliwashwa kupitia balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye uzi, iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mzunguko mfupi ndani. Hapa iliwaka kidogo ikafifia, ikaturuhusu kuendelea.

Sauti inayoshuka

Ampli iliachwa ipate moto mpaka sauti ishuke yenyewe, kama inavyofanya kanisani. Ilipofifia, gita lilitolewa kwenye tundu la mbele likachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kurudisha efekti. Sauti ikatoka safi, bila kufifia. Kwa hiyo lampu kubwa na transfoma zilikuwa zinafanya kazi.

Kisha gita likarudishwa mbele, na waya mfupi wa jeki ukaunganishwa kutoka tundu la kutoa hadi tundu la kurudisha. Sauti ikarudi yote na ikakaa.

Maelezo yake ni haya. Usipotumia efekti, ishara inapita kwenye kijibamba cha chuma ndani ya tundu la kurudisha, kinachogusana na kingine mpaka pale jeki inapoingizwa na kuvitenganisha. Vijibamba hivyo vilikuwa vyeusi. Mavumbi mekundu ya kiangazi chetu yanaingia humo, unyevu wa masika unayafuata, na kutu nyembamba inajijenga. Ampli ikiwa baridi vinagusana vya kutosha. Ikipata moto vinasogea kidogo, ishara inapita kwa shida. Mpiga gita akigonga noti kwa nguvu, ishara kubwa inavunja ule utando na sauti inarudi kwa kishindo. Alikuwa ametueleza jambo hilo mwenyewe kwa maneno yake: "nikikasirikia gita, sauti inarudi". Malalamiko ya mpiga chombo yana habari nyingi kuliko tunavyoyapa nafasi.

Matundu yalisafishwa kwa dawa ya kusafishia kontakti na ukanda wa karatasi ngumu uliopitishwa katikati ya vijibamba, kisha yakabadilishwa kabisa, kwa sababu rangi ya nje ya chuma ilikuwa imelika na kutu ingerudi.

Mikwaruzo

Hii haikuchukua muda. Kitufe cha sauti kikishushwa hadi sifuri, mikwaruzo inapotea. Kwa hiyo chanzo kilikuwa kabla ya kitufe hicho. ECC83 ya kwanza na ya pili zikabadilishana nafasi, kwa kuwa ni aina moja, na jaribio hilo halina gharama yoyote. Mikwaruzo ikabaki palepale, ikionyesha kwamba lampu haina kosa. Tukagusagusa vipande kwa kijiti kikavu cha mwanzi. Kijiti kilipofika kwenye rezista ya kiloomu 100 inayolisha anodi (bamba la lampu linalopokea mkondo) ya hatua ya kwanza, spika ikatoa sauti ya mafuta yanayokaanga. Ilikuwa rezista ya kaboni ya aina ya zamani. Ikawekwa mpya ya utando wa chuma, wati 1, na gharama yake haifiki bei ya soda.

Ngurumo, mahali ambapo wengi wanapotea

Ngurumo iliendelea hata kitufe cha sauti kikiwa sifuri, na hata ECC83 zote tatu zikitolewa. Chanzo kilikuwa nyuma kabisa, kwenye lampu kubwa au kwenye umeme unaozilisha.

Simu ya kawaida yenye programu ya kuonyesha mawimbi ya sauti iliwekwa mbele ya bafle (sanduku la spika). Mlima mkubwa ulikuwa kwenye hezi 100. Umeme wetu una hezi 50. Ngurumo inayotoka kwenye waya wa kupasha moto lampu, au kwenye waya wa gita usio na ngao nzuri, kwa kawaida huonekana kwenye 50. Ile inayotoka kwenye umeme uliogeuzwa kuwa wa mkondo mmoja huonekana kwenye 100. Hapa ndipo yule mshauri wa pili angesema, "Mnaona? Kapasita kubwa."

Zilipimwa. Volti ya mawimbi juu ya ile volti kubwa ilikuwa karibu 5, nyingi kidogo kwa ampli iliyotulia. (Mita nyingi za bei nafuu zinadanganya kwenye kipimo hiki, zinasoma mkondo mmoja kana kwamba ni mawimbi. Weka kapasita ya nanofaradi 100 yenye volti 630 mfululizo na mguu wa mita, utapata ukweli.) Lakini kapasita zenyewe, zilipomwagwa na kupimwa nje ya saketi, zilikuwa na ujazo wake. Mawimbi yanaongezeka kwa sababu mbili: ama kapasita zimepungua, ama kuna kitu kinavuta mkondo mwingi kupita kiasi. Lampu iliyoiva ilikuwa imeshatuonyesha upande wa pili.

EL34 zote mbili zikatolewa, ampli ikawashwa, na volti ikapimwa kwenye mguu namba 5 wa kila soketi, yaani kwenye gridi, sehemu inayotawala mkondo wa lampu. Pale panatakiwa volti hasi, sawa pande zote mbili. Ikiwa baridi zilisomeka hasi 38 na hasi 37. Hakuna cha kulaumu. Fundi mwenye haraka angefunga kifuniko hapo.

Tulisubiri nusu saa. Upande wa kwanza ukabaki hasi 38, wa pili ukawa hasi 21. Mashine ya kukaushia nywele ikaazimwa saluni ya jirani, na hewa yake ya moto ikaelekezwa kwenye kapasita ya nanofaradi 22 inayoleta ishara kwenye gridi hiyo. Tarakimu za mita zikaanza kutembea: hasi 20, 18, 15. Hewa ilipoondolewa zikarudi taratibu. Kapasita yenyewe kwa macho ilikuwa safi, haina ufa, haina doa.

Kazi ya kapasita hiyo ni kupitisha ishara na kuzuia volti zaidi ya 200 zilizoko upande wa pili. Ilikuwa inavuja. Volti 16 zilizopotea juu ya rezista ya gridi ya kiloomu 220 ni mkondo wa mikroampia 73 tu, sawa na kusema kapasita imekuwa rezista ya megaomu 3 hivi. Ukiipima kwa mita ya betri la volti 9 ikiwa baridi huoni kitu. Lakini inatosha kuifanya EL34 ivute mkondo mara tatu ya mwenzake na kuiva.

Na ngurumo je? Lampu kubwa mbili zinafanya kazi kwa kupokezana, kila moja upande wake wa transfoma ya spika. Mawimbi ya hezi 100 yanaingia katikati ya transfoma na kwenda pande zote mbili kwa mwelekeo wa kupingana; mikondo ikiwa sawa, yanafutana yenyewe. Mmoja akivuta mara tatu ya mwenzake, hayafutani tena, na spika inaimba hezi 100. Hiyo ndiyo sababu lampu mpya zilipunguza ngurumo kwa muda mfupi, kabla ya moja kuharibiwa na kosa lilelile lililokuwa likiisubiri.

Kapasita zote mbili zinazoleta ishara kwenye gridi zilibadilishwa, ile inayovuja na mwenzake. Duka la kwanza lilikuwa na za volti 400. Tulizikataa. Ampli inapowashwa, lampu bado ni baridi na hazivuti kitu, kwa hiyo volti kamili ya 450 inafika kwenye kapasita hizo kabla ya kushuka. Tulisubiri zilizoandikwa 223J 630V. Kanisa lilikaa Jumapili nyingine bila ampli kwa ajili hiyo, na mzee wa kwaya alielewa alipoelezwa.

Baada ya hapo mkondo wa kila EL34, uliopimwa kwenye rezista ya omu 1 chini ya kathodi (sehemu ya lampu inayotoa mkondo), ulikuwa miliampia 36 na 34. Kwa volti 440 ni chini kidogo ya wati 16 kwa lampu, na EL34 inavumilia 25. Marekebisho hayo yalifanywa umeme ukiwa juu, si ule wa jioni wa 180, kwa sababu usiku wa mkesha majiko yakizimwa volti zinapanda, na lampu iliyopangwa kwa umeme mdogo itateseka. Mawimbi yalishuka hadi volti 2 na nusu bila kugusa kapasita kubwa hata moja.

Kanisani

Ampli iliyokuwa kimya karakana ilipofika kanisani ilinguruma tena, safari hii kidogo na kwenye hezi 50. Kati ya nyuzi za gita na mikrofoni mita ilionyesha karibu volti 100. Plagi ya meno mawili iliacha chuma chote cha ampli kikielea bila ardhi, na meza ya sauti nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Mtu mmoja wa vyombo alisema katika makanisa mengine ngurumo huondolewa kwa kukata waya wa ardhi. Tulikataa waziwazi, mbele ya wote. Transfoma ikipasuka ndani, waya ule ndio unaofanya fyuzi ikatike badala ya mpiga gita kufa akiwa ameshika nyuzi. Nguzo ya shaba ilichimbiwa nje ya ukuta, waya ukaletwa mpaka prize tatu za jukwaani, na ampli pamoja na meza ya sauti vikachomekwa kwenye prize hizo. Ngurumo ikaisha na mikrofoni ikaacha kung'ata.

Yaliyofaa na yaliyoshindikana

Kilichofaa kuliko vyote ni kusubiri joto. Kosa la sauti na kosa la ngurumo yote mawili yalikuwa ya joto, na ndiyo maana yalionekana kama ugonjwa mmoja: yalikuja pamoja, baada ya wimbo wa tatu au wa nne. Kipimo cha ampli baridi kingesema yote ni mazima.

Uamuzi wa kununua lampu kwanza ulishindikana kwa sababu lampu ndiyo kitu pekee kinachong'oka kwa mkono, basi watu wanaanza nacho. ECC83 zibadilishane nafasi, ni bure. EL34 zisinunuliwe kabla ya mguu namba 5 kupimwa ampli ikiwa na moto, soketi zikiwa tupu. Na waya mfupi kati ya matundu ya efekti ungeweza kuiokoa ibada ya Jumapili ile ile, bila hata kufungua kifuniko.

Lampu iliyoiva imebaki kazini. Vipimo vyake bado viko karibu na vya mwenzake, lakini umri wake umepungua na kanisa limeambiwa hivyo.

Kuna jambo halikutatuliwa. Regulateri ya umeme ya kanisa, kifaa cha kutuliza volti, ni ya aina ya rilei (swichi zinazojibadilisha zenyewe). Umeme ukicheza inaruka kutoka hatua moja hadi nyingine, na kila mruko unasikika kwenye spika kama kofi dogo. Isiyoruka ni ghali, na kwa sasa wamechagua kuvumilia. Nguzo ya shaba nayo inahitaji uangalizi, kwa kuwa udongo ukikauka inashika ardhi vibaya. Imewekewa bomba la kumwagia maji, na kipimo kingine kimepangwa mwezi wa Agosti, kabla mvua hazijaanza.